Siku Niliyohamia Loitokitok Bila Kutoka Old Moshi

Mpaka leo kuna watu wa ukoo wetu nikipita wananisalimia kwa lafudhi ya Kikenya, na sina la kuwafanya kwa sababu nilijitakia mwenyewe, kwa hiyo acheni niwasimulie kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa dada yangu, ambaye kila akiisimulia anaongeza kitu (juzi ameongeza kwamba nililia, na mimi sikulia, nilikuwa nimesimama karibu na moshi wa jiko).

Mimi nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani, pale Moshi mjini, juu ya duka la vitambaa. Nikisema ofisi msifikirie makubwa, ni meza moja, viti vitatu, na ramani ya mlima iliyobanduka pembe moja. Wageni wakipatikana, anayewaongoza ni kaka mmoja wa Shirimatunda anaitwa Godlisten, yeye ndiye anajua mlima, mimi najua kujibu barua pepe.

Sasa akaniandikia mgeni mmoja, Pieter, anataka kuja kupanda na mkewe na marafiki wawili, na akasema angependa kulipa kwa dola za kidijitali, hizi sarafu za mtandaoni, kwa sababu benki yake inachelewesha mambo. Nikamjibu hakuna shida. Na naomba mjue kwamba kwenye biashara ya utalii "hakuna shida" ni neno tunalolisema kabla hatujajua shida yenyewe ni ipi. Akanitajia soko la mtandaoni la sarafu hizo analotumia yeye, kampuni iliyosajiliwa kwenye kisiwa fulani huko mbali, nikapakua programu yao kwenye simu usiku huo huo nikiwa nakaanga mayai.

Ukurasa wa kwanza ukaniambia chagua nchi unayoishi. Nikashuka na orodha mpaka herufi T, nikakuta Tajikistani, halafu Thailandi, na pale katikati ambapo tungekaa sisi hakuna kitu, hata nafasi hawakutuachia. Chini yake kuna maandishi madogo, kwa Kiswahili kabisa: hatutoi huduma kwa wakazi wa nchi ambazo hazimo kwenye orodha hii. Mtu mwenye akili hapo angefunga simu akale mayai yake. Mimi nikapanda juu taratibu mpaka herufi K nikachagua Kenya, nikijiambia si mlima ni ule ule, wao tu wanautazama kwa mgongoni. Mji nikaandika Loitokitok, mahali ambapo nimepita mara moja maishani, ndani ya basi, nikiwa nimelala. Kisha nikaweka alama ya kuthibitisha kwamba yote niliyoyaandika ni kweli. Nikarudi kwenye mayai yangu.

Alhamisi hela ya Pieter ikaingia. Nilifurahi nikampigia Godlisten aanze kuwaambia wapagazi wajiandae, safari ni Jumatano ijayo. Kisha nikajaribu kuitoa, ikagoma. Ikaja barua: akaunti yako imezuiwa mpaka tuhakikishe makazi yako kwa simu ya video, nafasi iliyopo ni Jumapili saa tisa alasiri, usipopokea au ukikata simu akaunti itafungwa. Jumapili yenyewe ndiyo ilikuwa siku ya kipaimara cha Doreen, mtoto wa dada yangu, kwetu Old Moshi. Nikasema haidhuru, dakika tano tu, nitajificha nyuma ya nyumba, nirudi kabla hawajamaliza mtori wa ndizi.

Ikafika Jumapili. Tumetoka kanisani, turubai limefungwa uwanjani mbele ya nyumba, mchungaji kaketi meza kuu pembeni ya Doreen, upande wa pili yupo baba mdogo Eliapenda, huyu ni mdogo wa marehemu baba, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu ambaye hata ukimpa chumvi anakuuliza umeitoa wapi. Na kazi yangu mimi, kwa sababu ndiye mwenye simu nzuri, ilikuwa muziki. Simu yangu iliunganishwa bila waya na yale maspika makubwa ya kukodi. Naona mmeshaanza kunielewa.

Ndafu ndiyo ilikuwa inaingia. Wanaume wanne wamembeba mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni, watu wamesimama wanapiga makofi, wimbo umepamba moto, na mara wimbo ukakatika na mlio wa simu ukaanza kulia juu ya turubai lote mpaka ng'ombe wa jirani wakaitika. Nikainyakua simu mezani nikakimbia nayo nyuma ya nyumba, kwenye shamba la kahawa, nikapokea.

Kwenye kioo akatokea kijana mmoja nadhifu, tai shingoni, kadi yake imeandikwa Kelvin. Mdomo wake unachezacheza, sauti sisikii. Nikaongeza sauti. Ndipo kutoka mbele ya nyumba nikamsikia, mzito kama mhubiri wa mkutano wa injili: "Halo madam, unanisikia?"

Nikaganda. Sikujua namna ya kuyaachanisha yale maspika na simu bila kukata, na nikikata akaunti inafungwa, na Jumatano watu wanapanda mlima. Kwa hiyo nikaendelea. Tena ili nisikie ninachoulizwa ilibidi nisogee karibu na maspika, nikasimama kwenye kona ya nyumba, nimejibanza nyuma ya simtanki la maji, mwenyewe nanong'ona. Maana yake ni kwamba wageni wote walisikia maswali, majibu yangu hawakuyasikia.

"Naongea na Aikande, mkazi wa Loitokitok, Kenya?" Kelvin akauliza turubai zima.

"Ndiyo," nikanong'ona.

Nikamsikia mama yangu: "Aikande gani tena huyo?"

"Umeishi hapa Kenya kwa muda gani?"

Nikasema miaka minne. Lakini shangazi yangu, ambaye hawezi kuacha swali la mtu lining'inie hewani, akaona limekosa mwenyewe, akalijibu kwa sauti: "Hajawahi kuishi huko. Amezaliwa hapa, amesoma hapa, na choo amejenga hapo chini mwaka jana."

Watu wakaanza kucheka. Kelvin akakunja uso kidogo. "Madam, kuna watu karibu na wewe?"

"Ni redio," nikasema.

"Sawa. Sasa naomba ugeuze simu polepole, nione mazingira unapoishi."

Na hapa ndipo mlima wenyewe uliponisaliti. Mnaujua ulivyo, saa tisa alasiri kwa kawaida umeshajifunika mawingu, hata mgeni aliyelipa hauoni. Siku ile ulikuwa umefunuka wote, mweupe, kama nao umealikwa kipaimara. Nikageuza simu, migomba, banda la ng'ombe, paa, halafu vilele vyote viwili, Kibo na Mawenzi, kwa pamoja. Kelvin akanyamaza. Nikadhani video imekwama, nikaanza hata kushukuru.

"Pole madam," akasema taratibu, na alisema kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, "mimi kwetu ni huko huko Loitokitok. Nyumbani nikitoka mlangoni, Mawenzi iko kushoto, Kibo iko kulia. Hapo kwako naona Kibo ndiyo iko kushoto. Kwani uko upande gani wa mlima?"

Mimi nilikuwa bado natafuta uongo wa kutosha, lakini pale chini ya turubai walikaa watu ambao wameutazama mlima ule tangu wanabebwa mgongoni, na wakajibu wote kwa pamoja, kama wanavyoitikia ibadani:

"Upande wa huku."

"Nimesikia," akasema Kelvin.

Akanieleza kwamba hawezi kunipitisha. Kampuni yao haina leseni ya kuhudumia wakazi wa kwetu, ndiyo maana haikutuweka kwenye orodha, na akinipitisha anavunja sheria yeye na kampuni yake. Akaunti itafungwa, hela itarudi kwa aliyetuma, inaweza kuchukua wiki tatu. Kisha akasema, na bado iko kwenye maspika, "Na hongereni kwa sherehe." Watu wakamwitikia asante.

Nilitamani simtanki linifunike. Lakini chakula kilikuwa kinasubiri na muziki ulikuwa kwangu, nikatoka na simu yangu mkononi, nimeinamisha kichwa, na mchungaji, ambaye tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akitania mtu, akafuta midomo kwa kitambaa akasema, "Dada Aikande, karibu Tanzania." Ndafu ilichelewa kukatwa dakika kumi kwa sababu aliyeshika kisu alikuwa anacheka.

Baada ya chakula baba mdogo akaniita kwenye kiti pembeni yake. Yeye hakucheka.

"Shikamoo baba," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Hiyo kampuni imesajiliwa wapi?"

"Kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Sikumbuki, baba."

"Hapa nchini wana ofisi? Hata sanduku la posta?"

Nikajitetea kidogo, nikamwambia siku hizi sarafu hizi hata kodi yake imeshawekwa, kwa hiyo si kitu cha kujificha.

"Kutozwa kodi ni jambo moja, kupewa leseni ni jingine," akasema. "Wewe unajiuliza kama unaruhusiwa kununua. Swali la kwanza ni kama wao wanaruhusiwa kukuuzia wewe uliye hapa. Kuwa halali kisiwani kwao hakuwafanyi kuwa halali Old Moshi. Na hela ingepotelea huko ungemshtaki nani? Ungekwenda mahakama gani? Ungesimama mbele ya hakimu useme mimi ni Mkenya wa uongo naomba haki yangu ya kweli?"

"Hapana, baba."

"Tena hawa ni waungwana. Walikuambia mapema kwamba hawawezi kukuhudumia, wewe ukaingilia dirishani." Akaifikiria hela kidogo. "Huyo mgeni anajua?"

Hakujua. Baba mdogo akaniambia nimwandikie sasa hivi, na nisiseme mtandao ulisumbua. Nikaandika palepale, yeye akisoma juu ya bega langu, na kila nilipoandika "kwa bahati mbaya" akaniambia futa, haikuwa bahati.

Pieter alijibu asubuhi yake. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema alipotuma hela na yeye alithibitisha kwamba anayemlipa yuko kwenye nchi inayoruhusiwa, aliamini kwa sababu mimi nilimwambia hakuna shida. Yeye na mkewe watasogeza safari wiki mbili, watalipa kwa benki. Wale marafiki wawili hawawezi kubadilisha tiketi, kwa hiyo wametafuta kampuni nyingine. (Niliwaona Jumanne wanakunywa kahawa mjini, niliwajua kwa nakala za pasipoti walizokuwa wamenitumia, wamevaa viatu vipya vya mlimani. Nikavuka barabara.)

Kilichoniuma kweli ni kwenda Shirimatunda kumwambia Godlisten. Alikuwa ameshawaita wapagazi, na sasa wote nawaambia warudi nyumbani, nusu yao bila hata safari ya kusubiri. Nilimkuta anapaka mafuta buti zake. Nikamweleza yote, mpaka la Kibo na Mawenzi. Alitabasamu hapo tu. Halafu akasema, "Dada, mgeni akiniuliza huko juu kama njia iko wazi, siwezi kumjibu ndiyo kwa sababu tu anatamani kufika." Akaendelea kupaka buti. Nilikaa pale kama nusu saa, nikachambua maharage na mkewe, kwa sababu kuondoka mara moja nilishindwa.

Hela ilirudi kwa Pieter wiki ya tatu, kama Kelvin alivyosema. Pieter na mkewe walipanda, wakafika kileleni, wakashuka salama, na mambo yakaisha bila kesi. Mimi, kabla hawajalipa, nilikuwa nimeshakwenda benki mjini kufungua akaunti ya dola, ile ya kawaida, ya foleni na picha mbili za pasipoti. Dada wa dirishani akaniuliza naishi wapi. Nikamtajia kata, mtaa, nikamwambia ukitoka mjini unapita kwenye zahanati, unaacha kanisa mkono wa kulia, nyumba ya bati la kijani, na kwamba kwa mama yangu ni Old Moshi lakini mimi mwenyewe nimehesabiwa huku kwenye sensa, na kama anataka naweza kumpigia mjumbe wa nyumba kumi aje athibitishe.

"Dada," akasema, "nilitaka kata tu."

Nikamwambia aandike yote.