Televisheni Haikuwa na Wakwe

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, na kila wanapoitisha mkutano wa kutunga sheria hunirudia yote: siku kijiji chetu kilipokaa kitako kuamua ni kitu gani kinawaua vijana wake, kikaamua kuwa ni televisheni.

Usicheke. Au cheka, lakini usikilize huku unacheka. Ijumaa iliyopita, pale ofisi ya kata, nilikuona ukinyanyua mkono mbele ya yule bwana wa wilayani aliyekuja kukusanya maoni ya wananchi. Ulisema vizuri, Kiswahili kimenyooka, nikajivuna kimoyomoyo kwamba huyu ni mtoto wa mtaani kwetu. Ulisema serikali isiingilie simu za watu, na bangi nayo iachwe, maana mapafu ya mtu ni yake mwenyewe. Wenzako wakakushangilia. Kisha akasimama mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake, akataka mitandao yote izimwe na kila kijana anyang'anywe simu, kwa kuwa simu ndiyo iliyowaleta hawa mateja wanaolala kwenye magofu ya Mji Mkongwe wetu huu. Wazee nao wakampigia makofi. Yule bwana akaandika ya huyu na ya yule, akashukuru, akanywa maji yake, akaondoka. Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika.

Sasa kaa nikwambie kwa nini.

Wakati ule nilikuwa msichana, tunaishi kijijini kwetu jirani na Mlingotini. Baba alikuwa ameshafariki, mama analima mwani. Maji yakipwa alikuwa ndani ya bahari, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kainama asubuhi nzima, na mdogo wangu Idi anambebea magunia. Idi alikuwa na vichekesho vya kuzaliwa navyo. Aliweza kumwiga imamu, mwenyekiti wa kijiji na mbuzi wa jirani, kwa zamu, mpaka mama anaachia kamba na kukaa kwenye maji kwa kucheka. Nakwambia haya ili ujue ninayemzungumza hakuzaliwa teja. Alizaliwa mtoto, akaadhiniwa sikioni, akapewa jina, akachinjiwa mbuzi wa akika kama wewe.

Unga, hizi dawa za kulevya, ulipoingia pwani yetu hatukuujua. Tuliona tu vijana wanajikuna, wanasinzia wamesimama, wanaongea kwa kuburuza maneno. Idi aliacha kubeba magunia. Sufuria zikaanza kupotea jikoni, kisha kamba za mwani, kisha kanga za mama alizokuwa ameziweka za harusi yangu. Akikosa unga, arosto inamshika: anatetemeka, anatapika, anajikunyata chini akilia kwamba mifupa inamuuma. Mama anamkanda kwa maji ya moto na kumsomea. Mimi niliwahi kumpiga, kwa hasira. Mama akanishika mkono akaniambia, "Huyo si Idi unayempiga, na Idi ndiye anayeumia."

Na muuzaji alijulikana. Hili ndilo nataka uliweke akilini. Jina lake Bwana Shomari, mwenye duka la vyakula karibu na msikiti. Mbele alikuwa anauza mchele na mafuta ya taa, na nyuma kulikuwa na kimlango ambacho vijana walikuwa wanaingilia na kutokea. Nani hakukijua? Hata watoto wa chuo cha Kurani walikijua. Lakini Bwana Shomari ndiye aliyetoa mchele wa maulidi, ndiye aliyetandika mikeka mipya msikitini, na ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba mwanangu, hujambo, mama hajambo, mpaka unaona haya kumfikiria vibaya. Tena alikuwa amemuoza mwanawe wa kiume kwa binti wa mjomba wangu Kombo, kaka yake mama. Kwa hiyo alikuwa mkwe wetu.

Wakati huohuo alikuja kijana wa bara, kutoka Lugoba, anaitwa Mkude. Alikuja na jenereta, televisheni na deki, akasimamisha banda la makuti, akaanza kuonyesha video. Picha za Kichina za kupigana, na za Kihindi za kulia. Wazee hawakulipenda banda lile, na sikatai, mlikuwa na picha nyingine hazifai. Lakini Mkude alikuwa na sharti moja: mwenye kete ya unga mfukoni haingii. Alisimama mlangoni mwenyewe anawapekua, na aliyelewa unga alimgeuza akamrudisha alikotoka. Siku moja saa za alasiri alitujia nyumbani amembeba Idi mgongoni, Idi hajitambui. Akamlaza mkekani, akamwamkia mama kwa adabu zote, ndipo akasema, "Mama, nimemkuta nyuma ya duka la Shomari. Mimi hapa ni mgeni, sina la kusema nikasikilizwa. Wewe una wazee wako. Waambie, mama, atakufa huyu."

Ndiyo maana mkutano wa kijiji ulipoitishwa, mama alivaa buibui lake la kwendea harusi. Alikwenda akijua atakachosema.

Ungekuwepo ungeusikia ustaarabu wetu, mwanangu. Kila aliyesimama alisema kwa mafumbo. Kuna watu wanatuharibia watoto, lakini sitawataja. Kuna mahali vijana wanapita, penyewe panajulikana. Mungu anawaona. Bwana Shomari mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti, tasbihi mkononi, anaitikia kila neno: "Kweli kabisa. Hilo ni kweli kabisa." Watu wanatazama chini, wengine wanakohoa. Wote wanajua, na kila mmoja anamngoja mwenzake.

Ndipo mzee mmoja akasema, tangu iingie hii televisheni ndipo haya mambo yalipoanza.

Laiti ungewaona walivyoshusha pumzi. Mkutano mzima ulichangamka. Waliokuwa kimya wakapata sauti, wote wanasema kwa pamoja: ndiyo hiyo, ndiyo hiyo hasa, inawafundisha uhuni, itungiwe sheria. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikashangaa hasira yote ile imetoka wapi. Baadaye nikaelewa. Televisheni haikuwa na baba wala wakwe. Hakuna ambaye angekutana nayo harusini akashindwa kuitazama usoni. Na mwenye nayo, Mkude, alikuwa mgeni, hana mtu. Alipojaribu kujieleza, aliulizwa kwao wapi na ni mtoto wa nani, akakaa.

Mama akasimama. Namwona mpaka leo, kashika ncha ya buibui, sauti inasikika. Akasema, "Wazee wangu, nisameheni. Mwanangu hakuharibiwa na televisheni. Mwanangu anachukua unga kwa Bwana..."

Mjomba Kombo akanyanyuka kabla jina halijatoka. Mjomba alikuwa mtu wa kusuluhisha ndoa, wa kugawa mirathi, sauti yake haijawahi kupanda. Hakumfokea mama. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimwambia kwa upole, mbele ya watu wote, "Dada yangu, kaa. Uchungu wa mwana tunaujua. Lakini mtu hatajwi hadharani, ana watoto, ana heshima yake. Sisi ni watu wa sitara. Tukianza kuvuana nguo hapa, kesho tutazikana vipi?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Wengine wakasema maneno haya ndiyo ya mzee. Mama akakaa. Alikaa kwa sababu alilelewa vizuri, na kaka mkubwa akisema, dada husikiliza. Mpaka leo, mwanangu, wako watu wa rika langu wanaoisifu busara ya mjomba siku ile, kwamba aliuokoa mkutano usigeuke ugomvi. Nikiwasikia, natoka nje.

Sheria ikapita palepale: marufuku kuonyesha video kijijini. Televisheni na deki zikachukuliwa zikafungiwe kwenye ofisi ya kijiji. Na unajua nani alijitolea kuibeba ile televisheni? Idi. Aliitwika kichwani, akawa anatembea kwa maringo anamwiga bibi harusi, watu wanavunjika mbavu. Hicho ndicho kichekesho chake cha mwisho ninachokikumbuka. Alipoitua ofisini hakurudi nyumbani. Alikata kona kwenda kwenye kile kimlango, na safari hii hapakuwa na Mkude wa kumbeba mgongoni. Mkude alikuwa anafunga jenereta lake kwenye baiskeli arudi kwao.

Haikupita mwezi. Wanawake waliotangulia kwenda kwenye mwani ndio waliomkuta, ufukweni, kifudifudi, na maji yameshatoka. Walimwita mama na kumpa habari wakiwa mbali, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufika.

Wakati watu wanakusanyika msibani, akaja kijana wa dukani kwa Bwana Shomari na gunia la mchele begani, na sanda imekunjwa vizuri, marashi juu yake. Salamu za mzee, amesema shughuli yote ni juu yake. Mama alikuwa ndani na wanawake. Aliposikia jina lile alitoka nje hivyohivyo, kichwa wazi, mwanamke ambaye sijapata kumwona kichwa wazi mbele ya mwanamume hata siku moja. Akaipokea sanda, akaiinua juu wanaume wote waione. "Ni Shomari," alisema. "Mlinikatiza, sasa nasema. Ni Shomari aliyemuua mwanangu. Rudisheni hii. Mwanangu nitamvika hata shuka langu la kulalia."

Wanaume wote wale, na walimu, na mwenyekiti, wakamgeukia mjomba Kombo.   Mjomba Kombo akawaambia wanawake, kwa upole wake uleule, "Mpelekeni ndani, msiba umemzidi." Wakampeleka. Mimi nilibaki barazani, nikaona wanaume wanaingia chumba cha kuoshea, na nikaiona nguo waliyoingia nayo.

Idi alizikwa na sanda ya Shomari. Mama alikuja kujua baadaye, kwa kuniuliza mimi, na mimi sikuweza kumdanganya. Hakulia. Aliendelea na mwani wake, akatuoza sisi binti zake, akalea wajukuu. Lakini salamu ya mjomba Kombo hakuiitikia tena mpaka mjomba anaingia kaburini. Unajua kwetu kunyimwa salamu ni nini. Mzee yule alikuwa anapita mlangoni kwa dada yake, anasimama, anasalimu, anangoja, anaondoka. Wakamwita mama mwenye roho ngumu. Na Bwana Shomari alikufa kitandani kwake, mzee wa ndevu nyeupe, na jeneza lake lilisindikizwa na umati ambao Idi hakuupata hata robo.

Basi mwanangu, usiniulize kama niko upande wako au upande wa yule mwalimu. Nyote wawili mmenichosha. Wewe unasema mapafu ni ya mtu mwenyewe. Ya Idi nayo yalikuwa yake, na yalipoacha kupumua hakujichimbia kaburi, wala hakujililia. Mwalimu anasema simu. Ni kweli, siku hizi muuzaji hahitaji kimlango cha nyuma: anapigiwa simu, pikipiki inaleta mpaka kwako, na kila Ijumaa anawatumia watu dua kwenye simu hiyohiyo. Izimeni mitandao basi. Atarudi dukani, na mtamwamkia shikamoo.

Sisemi sheria haina kazi. Simu ina uchafu wake, nami nimemnyang'anya mjukuu wangu yake kwa sababu ya kamari. Sheria itungwe, na wanaokamata wakamate. Lakini serikali haijui mitaa yetu, inajua inachoambiwa, na sisi watu wa pwani tukiulizwa tunaiambia habari za vitu. Video. Simu. Majani. Vitu havinuni wala havina ndugu wa kutulaumu. Kuna mtu wetu, tunayemjua kwa jina la baba yake, na huyo hatumpeleki popote kwa sababu tutakutana naye kwenye karamu. Ijumaa mlisema sana, tena kwa ufundi. Hakuna hata mmoja aliyesema nani anauza hapa mtaani, na pale palikuwa na watu wasiopungua kumi wanaomjua, wewe mmojawapo. Mimi pia namjua. Jumatatu nakwenda ofisi ya kata kumtaja, na sitaki unisindikize kama unaona haya.

Sitara nimefundishwa na nitakufundisha. Ukimwona jirani amekosa chakula, mstiri. Binti akiteleza, mstiri, na mlevi akianguka njiani mfunike nguo yake umrudishe kwake. Lakini anayeua watoto wa watu hana haki ya kufichwa na watu haohao, na atakayekutuliza kwa maneno laini usimsikilize, hata akiwa mjomba wako, hata akiwa mimi. Taja jina mapema. Mama alilianza lile jina Idi akiwa hai, wakamkatiza, akaja kulimaliza Idi akiwa maiti, na halikufaa kitu.

Nenda sasa. Mungu akupe umri mrefu na riziki ya halali, akulinde na shari, akupe wazazi wasiokuzika. Na siku utakaposimama kusema, akujaalie watu watakaokuacha umalize.