Fundi Anayepakiwa Kwanza

Fundi huyo hagusi spana kabla hajapakiwa kwenye pikipiki anayoletewa. Mafundi wenzake walikuwa wamemjibu mkunga, aliyelalamika kwamba pikipiki yake inakosa nguvu mlimani, bila hata kuinuka vitini: pikipiki ni nzima, mikono ya mwanamke ndiyo isiyojua kuvuta mafuta. Na juu mlimani kulikuwa na mjamzito aliyekaribia siku zake. Fundi huyu alijifuta grisi, akapakata sanduku la mkunga la vifaa vya uzazi, akakaa nyuma yake. “Twende kwa wajawazito wako, dada. Ukiniangusha, utanitibu mwenyewe.” Njia nzima aliitegea injini sikio, kichwa kimeinama ubavuni kama anayesikiliza umbea wa jirani. Waliporudi alibadilisha sproketi ya nyuma inayozungushwa na mnyororo, akaweka yenye meno mengi zaidi ili mlima upandike. Bado injini ilichelewa kuitika. Basi akaufuata waya wa kuvutia mafuta kwa vidole, taratibu, hadi chini ya tangi, ulikokuwa ukibanwa kila usukani ulipokata kona.

“Mikono yako haina kosa,” alisema bila kumtazama, akiuhamishia waya pasipobana na kukaza nati. Mkunga aligeuka, akajifanya anatafuta ufunguo. Alfajiri alipoitwa mlimani, pikipiki ilipanda kona zote bila kukohoa, naye akampokea mtoto kwa mikono ileile.