Nani Alitumia Jina la Kanyere?

"Imekubaliwa na Kanyere."

Maneno hayo yalikuwa kwenye skrini ya kompyuta ya Kanyere asubuhi, hata chai hajainywa.

Na yeye hakuwa amekubali kitu.

Wandugu, huyu dada anakaa Mabanga, hapa Goma. Kwa kujitolea, anasaidia kutunza programu huria ya kufunga mesaje, ili azisome yule aliyetumiwa tu. Mtu yeyote duniani anaweza kuleta marekebisho, lakini wanaoruhusiwa kuyakubali ni wachache. Kanyere ni mmoja wao.

Akasoma rekebisho lenyewe. Mistari michache tu. Namba za siri za kufungia mesaje, ambazo programu ilikuwa inazichagua kwa kubahatisha, sasa zilitoka kwenye fungu dogo ambalo mtu anaweza kulikisia. Unaona mlango umefungwa, kumbe kuna mtu ana ufunguo wake.

Neno lake la siri alilijua mtu mwingine mmoja tu. Bwana yake, Donat.

"Donat, ni weye uliingia mu ordinatere yangu?"

Donat hakubisha. Alikaa kitandani, akampa simu.

Mesaje zilitoka kwenye namba ya Prodige, mdogo wake Donat, anayebeba maharagwe kwa moto, yaani pikipiki, kutoka kijijini Kalengera. Lakini aliyeandika hakuwa Prodige.

"Tuko naye. Muke wako akubali ile kitu, atarudi muzima. Ukimuambia mutu, hautamuona tena."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekataa."

"Donat, hii inafungua mesaje za watu wengi! Kuna wenye wanaandika kwao mahali wamejificha. Wakijulikana, wanakufa."

"Na mutoto wa mama yangu, yeye afe?"

Kanyere akarudi kwenye kompyuta. Akaliondoa rekebisho, kisha akawaandikia wenzake: "Si mimi niliyekubali. Msilitumie."

Donat akatoka. Mlango akauacha wazi.

Mchana, moto ikasimama nje.

Prodige! Mzima kabisa, gunia la maharagwe nyuma.

"Shemeji, mbona unaniangalia kama maiti? Nilishindwa kuwaita. Simu yangu waliiiba kule Kalengera."

Hakuna aliyekuwa amemshika. Walikuwa na simu yake tu.

Kanyere akalia, akacheka, akalia tena. Donat aliporudi na kumkuta mdogo wake anakula, alimrukia palepale mezani.

Wakiwa bado wamekumbatiana, simu ya Kanyere ikalia. Mesaje, namba asiyoijua:

"Sawa, Kanyere. Siku ingine tutamushika kweli."

Wiki ileile walihama Mabanga. Wapi, sisemi. Kanyere aliwaomba wenzake kwamba tangu sasa kila rekebisho likubaliwe na watu wawili, wa nchi mbili.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikutisha na kukuambia ufunge mdomo, mwambie kwanza wa nyumbani kwako. Donat angemwambia mke wake mapema, wangempigia muuza maharagwe mmoja tu kule Kalengera. Angewajibu: "Prodige? Si huyu hapa anapakia maharagwe!"