Mwanangu Alisema Nimekubali Watoto Wahesabiwe

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mkuu mstaafu hapa Tetu. Mapafu yangu yamechoka na daktari hanidanganyi tena. Naandika nikipumzika kila sentensi, kwa hiyo msinijibu kwa mzaha.

Wakufunzi kutoka Ulaya walikuja kuwafundisha vijana wetu sita kutengeneza programu ya masomo ya watoto kwenye simu. Kiongozi wa vijana hao ni kitindamimba wangu. Mimi niliombwa nikague masomo kwa niaba ya wazee wa kijiji, na picha yangu ikawekwa mwanzoni ili wazazi waamini.

Somo la kwanza la hesabu linamwambia mtoto: "Hesabu ndugu zako, ubonyeze namba." Nikamwita mwanangu. Kwetu Wakikuyu watoto wa mtu hawahesabiwi. Anayewahesabu anawatafutia msiba. Siuamini msiba huo, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Lakini najua nyumba zilizozika watoto, na aliyebaki huwezi kumwambia abonyeze namba. Nikasema mtoto ahesabu maharagwe badala ya ndugu.

Alicheka. "Ati maharagwe! Baba, uko na digrii na bado unaogopa namba? Hawa wazungu watatuona washamba."

Siku ya mkutano wao wa video nilikuwa chumba cha pili. Nikamsikia akiwaambia, "Wazee wamepitisha. Baba mwenyewe amefurahi sana."

Programu ikatoka. Jirani yangu, nyanya aliyekuwa akiniletea uji, alisimama mlangoni akinionyesha uso wangu kwenye simu. "Mwalimu, wajukuu wangu unawahesabia nani?" Hajarudi tena.

Nikamwambia mwanangu aiondoe picha yangu. Alinijibu huku akinivisha soksi: "Tulia, mzee. Hata hutakuwepo kuiona."

Tangu hapo nalishwa kwa mkono wake na ninamchukia. Ndiyo, namchukia mtoto wangu. Msinitumie mistari ya Biblia. Naijua kuliko ninyi.

Jana mkufunzi wao mkuu, mama mpole, alinipigia mwenyewe. "Mzee, wazazi wanalalamika. Ni kweli ulikubali watoto wahesabiwe? Bila kibali chenu wazee, tunafunga mradi." Nilisingizia kikohozi. Atapiga tena kesho.

Nikisema kweli, vijana sita watarudi kuchuma chai, na anayenivisha soksi atanitazama kila asubuhi akijua ni mimi. Nikinyamaza, nitazikwa na watu wa kukodi, maana majirani hawatashika koleo. Ninyi mliozaa, na ninyi mnaotunza wazazi: simu ikilia, nimjibu nini?