Mizinga Mitano Kabla ya Daraja

Daraja letu halina mto. Reli inapita juu, barabara ya vumbi inapita chini, na kati yake kuna uwazi wa kumtosha mtu mwenye mzigo kichwani. Barabara yenyewe ni kipande cha njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji, na siku zote nimeamini kwamba waliolijenga daraja walikuwa bado wanawaza wapagazi. Hawakuwaza lori la tumbaku lililopangwa marobota mpaka juu, na juu ya marobota akina mama sita na kuku wao.

Mimi ni mtu wa genge la reli. Tunatembea juu ya reli, tunakaza bolti, tunarudisha kokoto zilizoporomoka, tunaangalia kilichopinda. Nyumba yangu ya kambi iko karibu na daraja kiasi kwamba lori likigonga, vikombe vinalia kabatini. Na likigonga, mimi sikimbilii lori. Nakimbilia juu na bendera nyekundu, kwa sababu chuma cha daraja kikisogea kidogo tu, reli nayo inasogea, na dereva wa treni hana habari. Watu wamenitukana sana kwa hilo. Mama mmoja aliwahi kunipigia kelele, "Mtu anavuja damu huku chini, wewe unapunga kitambaa!" Nilimwacha atukane. Kwenye treni kuna watu pia.

Tulijaribu kuyazuia malori. Kwanza kulikuwa na ubao wa chuma wenye kipimo, ukang'olewa usiku mmoja na wauza chuma chakavu. Ukawekwa wa mbao. Huo hakuna aliyeuiba, ila ulikuwa muongo, kwa maana kila mvua zikiisha greda lilikuja, likamwaga kifusi, likashindilia, likaondoka. Barabara ikawa inanenepa na daraja limebaki palepale. Dereva alisoma namba, akapiga hesabu ya mzigo wake, akaingia kwa raha zake, na sisi vikombe vikalia. Nilimwambia nyapara wetu kwamba namba si za kweli. Akasema ataandika barua. Pengine aliandika.

Aliyepata dawa alikuwa baba yangu.

Baba ni mtu wa Ipole, mfugaji wa nyuki tangu ujana wake. Alikuja kukaa kwangu baada ya mama kufariki, na baada ya pori lake kuisha. Pori liliisha kwa kuni za kukaushia tumbaku, jambo ambalo hakuacha kulisema kila lori lilipopita. Alikuja na nguo zake, Biblia yake, na mizinga mitano mitupu ya magome ya miyombo, mizinga aliyoitengeneza kwa mikono yake na ambamo hakuna nyuki aliyekuwa ameingia kwa miaka mingi. Mke wangu aliuliza tutaiweka wapi. Mimi niliona haya, sikujibu.

Sasa mzinga mtupu wa gome ni mwepesi, na ukigongwa unatoa sauti kubwa, ngo, ngo, kama mlango wa ghala. Baba alikaa barazani akatazama malori wiki nzima. Kisha akaniambia nisimike nguzo mbili za mninga, moja kila ukingo wa barabara, upande wa Ulyankulu, hatua kama mia mbili kabla ya daraja, nilaze boriti juu ya vigingi vilivyopigiliwa kwenye nguzo hizo, na chini ya boriti tufunge mizinga yote mitano kwa waya, matumbo yake yawe chini kidogo kuliko chuma cha daraja. Nilipima kwa fito. Nilisimama chini ya daraja na fito, nikaikata, nikaenda nayo kwenye boriti. Siku ile barabara ilikuwa ilivyo, na fito ilikuwa ya kweli.

Ilifanya kazi kuliko ubao wowote wa serikali. Lori refu likija, mizinga ilipiga mzigo, ngo, ngo, ngo, dereva akafunga breki. Abiria wa juu walipigwa vichwa na mizinga, wakacheka, wakamtukana baba kwa mapenzi, wakashuka. Hata pale mzigo ulipokuwa mfupi na watu tu ndio waliozidi, walishuka wote, wakapita chini ya daraja kwa miguu na kupanda tena upande wa pili. Mzigo ukiwa mrefu, lori liligeuza likazungukia kule barabara inapovuka reli kwa tambarare. Baada ya miezi michache hakuna aliyeuliza tena habari za kipimo. Kauli ilikuwa moja, kuanzia Ulyankulu mpaka Ng'ambo kule Tabora mjini: mzinga usipokugusa, pita.

Mwaka mzima sikukimbia na bendera. Baba alianza kutembea kifua mbele.

Kisha nyuki wakaingia.

Nani asingejua? Ukining'iniza mzinga hewani katika nchi hii, hata ukiutundika kanisani, siku moja watakuja. Lakini sisi tulikuwa tumeshasahau kwamba ile ni mizinga. Kwetu ilikuwa kengele. Asubuhi moja baba alirudi mbio kutoka barabarani, yeye na mguu wake mbovu, akaniambia kundi limeingia mzinga wa katikati, ule ulio mbali na nguzo zote mbili. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona baba yangu akilia kwa furaha, na hata mama alipofariki alilia kidogo sana.

Kwa watu wa kwetu, nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi. Wamekuchagua. Baba alianza kwenda kuwasalimia kila asubuhi, "Mwangaluka," kofia mkononi, kama anaingia ugenini. Akampigia simu dada yangu aliyeolewa Ulyankulu, kwenye familia ya wale waliotoka Burundi zamani, akamwambia aje na ndoo msimu wa asali ukifika. Dada yangu alicheka mpaka nikamsikia kutoka nilipokaa. Alinizidi miaka mitatu, na tangu utoto ndiye aliyeshika moshi baba alipokuwa anarina, huku mimi nimejificha chini ya kitanda. Ndiyo, naogopa nyuki. Mtoto wa mrina asali anayeogopa nyuki. Nilikwenda reli kwa sababu hiyo, na atakayecheka acheke.

Shida ni kwamba lori likigonga mzinga wenye nyuki, nyuki hawaelewi kwamba ni kengele. Mara mbili walitoka. Mara ya pili walimuuma utingo mpaka akavimba uso mzima. Baba akaniita, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka moja baada ya jingine: "Ule mmoja tu, wenye nyuki. Kunja waya wake ili mzinga upande juu. Mingine minne iache hapohapo, ndiyo inayolinda."

Nilimwambia sawa, baba.

Kukunja waya wa mzinga wenye nyuki ni kazi ya kusogeza uso mpaka kwenye mlango wao, na moshi, na subira. Nilifika pale mchana, nikawasikia wakinguruma mle ndani, nikarudi nyuma hatua kumi. Nikafikiri: boriti yote nikiivuta juu kwa kamba, upande huu na upande ule, sitamsogelea hata nyuki mmoja. Nilipigilia vigingi vipya shibiri mbili juu ya vile vya zamani, nikavuta, boriti ikakaa. Mizinga yote mitano ikapanda. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nilijiambia kwamba shibiri mbili si kitu, na kwamba wikiendi nitaishusha ile minne. Baba nilidhani amelala ndani, kwa maana ilikuwa saa zake za kulala. Jioni aliniuliza kama nimefanya. Nikasema nimefanya.

Wikiendi ilikuja ikapita. Nyingine pia. Malori yalipita kimya, na nyuki walitulia, na mimi, Mungu anisamehe, niliona mambo ni mazuri. Hayakugonga wiki zile kwa sababu hayakuwa marefu, basi. Halafu masoko ya tumbaku yakafunguliwa.

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nakunywa uji. Vikombe vililia kabatini, kelele za watu zikafuata, na mwili wangu ukafanya kile ulichozoea: nilichukua bendera, nikapanda tuta, nikakimbia juu ya reli kuelekea upande ambao treni ya mizigo ingetokea. Nilikimbia mbali, kama tulivyofundishwa. Nilisimama pale nikiwa nimeinua bendera, nikaita kituoni kwa simu, nikasubiri mpaka waliponijibu kwamba treni imezuiwa. Nikarudi nikakagua reli, nikakagua chuma, kilikuwa na kovu jipya, hakikusogea. Ndipo nilipochungulia chini.

Niliona ndoo. Ndoo mpya ya plastiki, ya bluu, yenye kifuniko, imekaa wima katikati ya barabara kana kwamba mtu ameiweka kwa adabu. Nilijua kabla sijaona kitu kingine.

Waliokuwa na dada yangu juu ya lori walinisimulia, ingawa sikuwauliza. Walipokaribia mizinga, wote walifumba macho wakisubiri kupigwa vichwani. Haikuwagusa. Mmoja akasema, "Haikutugusa, tupite," na dereva naye alikuwa akisikiliza ngo, akasikia kimya, akakanyaga mafuta. Dada yangu aligeuka nyuma. Alikuwa anatafuta ni mzinga upi wenye nyuki. Aliunyooshea kidole, akawaambia wenzake, "Ule pale wa baba." Mgongo wake ulikuwa umeelekea daraja. Wengine waliliona likija wakajilaza. Wawili walivunjika mikono. Dada yangu hakuliona.

Waliniambia hakufa palepale. Alikaa muda, kichwa chake kwenye mapaja ya mama mmoja. Muda huo mimi nilikuwa juu, nimeinua kitambaa.

Dereva alikamatwa, na polisi walipomhoji alisema jambo moja tu: mizinga haikunigusa. Kila aliyesikia alitikisa kichwa kukubali. Watu wakaanza kuitazama boriti, na vigingi vya zamani, na vigingi vipya. Matangani, shemeji zangu wa Ulyankulu walikuwa wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, na mzee wao mmoja akauliza kwa upole kabisa, upole unaoumiza kuliko matusi, "Tunaomba kujua tu, nani aliipandisha?"

Baba akainuka, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nyuki ni wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema wapandishwe. Nisameheni, au msinisamehe."

Alikaa. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Ulikuwa wakati wa kusema maneno machache tu: alisema mmoja, mimi nikapandisha yote. Sikuyasema siku ile. Sikuyasema tulipomzika dada, wala arobaini ilipofika. Baba alimwita mrina mmoja wa Ipole, nyuki wakahamishwa, na mizinga yote mitano tukaichoma nyuma ya nyumba. Ilikuwa imekauka, iliwaka haraka sana. Tangu siku hiyo hajaweka asali mdomoni. Shemeji zangu walipokuja kutusalimia walimpa baba mkono wa baridi, na mimi walinikumbatia. Walinikumbatia na mimi nikakumbatika.

Huu ni mwaka wa tatu. Siku hizi kuna nguzo mbili za chuma na boriti ya chuma yenye minyororo, pande zote mbili za daraja, na wakubwa wameniachia mimi kazi ya kuvipima. Kila Jumatatu, na kila greda likipita, nasimama chini ya daraja na fito mpya, kisha naenda nayo kwenye minyororo. Watoto wa kambi wananiita Bwana Fito. Baba hukaa barazani akinitazama, mguu wake siku hizi haumfikishi barabarani.

Mwezi uliopita niliporudi kutoka kupima nilimkuta amekaa peke yake, uji wake umepoa. Sijui ni nini kilichonisukuma. Pengine ni kwa sababu amekonda sana, nikaona kwamba siku zinaniishia. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika magoti.

"Baba," nilisema, "siku ile ulisema mzinga mmoja. Mimi nilipandisha boriti yote. Niliogopa nyuki."

Hakushtuka.

"Nilikuona," alisema.

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa dirishani. Nilikuona unavuta kamba. Nikasema kesho nitamwambia aishushe. Halafu nyuki wakatulia, mwanangu. Walitulia vizuri sana. Nikanyamaza."

Nilimuuliza kwa nini basi matangani alisimama peke yake. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

"Walitaka mtu mmoja," alisema baba. "Nikawapa mmoja. Ningewapa wawili, nani angenizika?"

Akausogeza uji kando, akanyoosha kidole barabarani, kule kwenye minyororo.

"Umepima?"

"Nimepima, baba. Sasa hivi."

"Nenda kapime tena."