Waliniambia nyonga zinafunguka, kumbe mfupa unavunjika

Wakuu, salamu kutoka Kisian. Hii si chai, imenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mume wangu husema siku nikihama, sofa itanililia. Kwa hivyo mimba ilipofika miezi saba, nyonga ya kushoto ikaanza kuuma, hakuna aliyenihurumia.

Mama mkwe alikuja kutoka Kombewa, akanikuta nachechemea. Akafurahi!

"Nyathina, mwanangu, hizo nyonga zinafunguka. Mtoto anatafuta njia. Tembea, wacha kuatamia sofa kama kuku."

Nikatembea. Majirani wakiniona naburuta mguu wananipongeza: "Inafunguka!"

Nilifunguka mpaka nikawa nainua mguu kwa mikono kupanda kitandani. Kliniki sikusema. Nani hushtaki habari njema?

Na odowa, yale mawe ya wajawazito, nilitafuna kama njugu nikijua najenga mifupa. Chekeni tu.

Nikajifungua msichana, salama. Nikangoja nyonga zifunge.

Wapi!

Asubuhi moja nainuka kwenye sofa nimpokee mtoto kutoka kwa mama mkwe, nikasikia ko! Mguu ukakataa. Sikuteleza, sikugongwa na boda. Niliinuka tu.

Eksirei ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Daktari akasema ni nadra, lakini wako wanawake ambao mifupa yao hudhoofika sana wakati wa mimba na kunyonyesha.

"Mama, maumivu yanayokukataza kukanyaga si ya kufunguka."

"Na odowa, daktari?"

"Hiyo ni udongo, Mama."

Niliogopa kitu kimoja: kwamba mtoto wangu hatawahi kuujua mgongo wangu.

Nikafanyiwa surgery, nikawekwa skrubu, nikapewa dawa na magongo. Tena nikaamriwa kukaa! Mama mkwe ndiye aliniletea uji kwenye sofa. "Umeshinda kesi," akanung'unika.

Jumapili iliyopita, kwa ruhusa ya daktari, nilimfunga mtoto mgongoni nikatembea hadi kanisani bila gongo. Mlangoni tukapata mjamzito anachechemea, watu wanamwambia inafunguka.

Mama mkwe akawaka: "Inafunguka nini, ni duka? Peleka yeye hospitali!"

Funzo ndilo hilo, sina la kuongeza.

Wewe maumivu yako waliyapa jina gani tamu? Andika hapa. Nikichelewa kujibu, jueni nimetoka kutembea.