Udi wa Mama na Masizi ya Barafu

Kazini kwetu ni marufuku kunukia. Nilielezwa hivyo siku ya kwanza nikacheka, maana mimi nimelelewa na mama wa Unguja, na kwetu asiyenukia ndiye anayesemwa. Manukato hapana, mafuta ya nywele hapana, losheni hapana, hata sabuni ya kufulia iwe ile isiyo na harufu. Kazi yangu ni kukata barafu. Maabara yetu ipo katikati ya London, chini ya ardhi, na ndani yake mna chumba chenye baridi kushinda friza lolote la nyumbani. Humo nimekaa miaka, soksi tatu mguuni, suti nyeupe mpaka kichwani, mbele ya msumeno wa umeme.

Barafu yenyewe inatoka kwenye ncha za dunia. Watafiti wanaitoboa kwa bomba lenye meno, wanatoa magogo ya mviringo, kila gogo linachorwa mshale wa kuonyesha juu ni wapi, kisha linafungwa na kusafirishwa likiwa limeganda hivyo hivyo. Theluji ya mwaka huu inailalia ya mwaka jana na kuikandamiza, kwa hiyo ukishuka ndani ya gogo unarudi nyuma miaka. Hewa ya zamani imo, vumbi limo, masizi yamo. Mimi napasua gogo kwa urefu. Nusu inarudi kwenye hifadhi, isiguswe. Nusu ya pili naikwangua, naikata vipande, vinayeyushwa, na mashine inahesabu masizi. Sisi ni watu wa masizi. Theluji ikiingia weusi inalivuta jua, na ikilivuta jua inayeyuka upesi.

Mama alikuwa akikaa na mimi Barking, mashariki ya London, ghorofa ya nne. Alitoka Unguja msichana, na karibu kila kitu kilibaki nyuma, ila chetezo alikuja nacho. Kila Ijumaa asubuhi alifukiza udi nyumba nzima. King'ora cha moshi kikianza kulia, atakipepea kwa kanga huku anakitukana mpaka kinyamaze. Niliwahi kumnunulia chetezo cha umeme. Akakigeuza geuza mkononi.

"Hii pasi," alisema. "Kapigie nguo zako."

Nguo zangu za kazini nilizifungia kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, na nilimwambia mara mia asiuguse. Lakini siku ya pili ya Idi nilitakiwa kazini, na yeye aliona haya kwa niaba yangu. Mwanawe aende kwa wazungu siku ya Idi ananuka kama ukuta? Akaamka alfajiri, akaufungua mfuko, akazifukiza zote, mtandio mpaka soksi, akazirudisha na kufunga vizuri.

Niliisikia harufu nikiwa kwenye treni. Niseme kweli. Niliisikia, nikanyamaza. Ilikuwa Idi, sote wawili tulikuwa na furaha, na nikajiambia suti itafunika.

Balaa ni kwamba siku ile nilikata barafu isiyopatikana tena. Ilitoka kwenye mlima mdogo huko kaskazini kabisa, na waliokwenda kuitoboa walirudi wanyonge. Maji yalikuwa yanapanda kwenye shimo wakati bado wanachimba. Magogo yale ndiyo ya mwisho, walisema, msituombe mengine.

Wiki chache baadaye bosi wangu akaniita. Ni mwanamama wa Kizungu, mpole, hajapata kupandisha sauti, na hilo ndilo linalonitisha kwake. Akanionyesha mstari wa masizi kwenye kompyuta. Ulikuwa unakwenda chini chini, halafu unaruka juu kwenye vipande vitatu, vyote vya siku ya pili ya Idi. Akaniuliza kama kuna lolote ninalolikumbuka. Nikamwambia. Aliuinamia mtandio wangu, ingawa siku nyingi zilikuwa zimepita, akasema harufu nzuri, kisha akaandika kwenye daftari lake. Nilitamani anitukane.

Hasira zote nilikwenda nazo Barking. Udi niliutia kwenye pipa la taka, na makaa, na chetezo juu yake. Nikafungua kabati la mama, nikafua nguo zake zote kwa sabuni ile isiyonuka, mara mbili. Mama alikaa kwenye kiti chake akinitazama.

"Ati moshi wangu mie ndio umeharibu barafu ya dunia?"

"Ndiyo, mama! Ndiyo! Ilikuwa ya mwisho, na wewe umeiharibu!"

Nilimpigia kelele mama yangu. Wala sikumwambia kwamba harufu niliisikia mwenyewe kwenye treni. Akauliza, sasa yeye atakuwa ananuka nini. Nikaendelea kukunja nguo. Siku ya pili niliteremka kukitafuta chetezo, pipa lilikuwa limekwisha chukuliwa.

Tangu hapo hakufukiza tena. Ijumaa ikifika alivaa, akakaa, mikono mapajani, kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Nyumba ikawa inanuka vitunguu na rangi ya ukuta. Nilitaka kumwambia fukiza tu, mama, mimi nguo zangu nitavalia kazini, lakini kila Ijumaa nilijiambia wiki ijayo. Baridi ilipoanza kifua kikambana, akalazwa hospitali, na daktari akanieleza kwa upole kwamba hatarudi nyumbani.

Siku hizo hizo bosi akaniita tena. Ile nusu ya magogo iliyokuwa hifadhini walikuwa wameipeleka kwenye maabara nyingine, nchi nyingine, ikakatwa na watu wasioujua udi. Masizi yakaonekana pale pale, vipande vile vile vitatu, kwa kiasi kile kile. Moshi ulikuwa ndani ya barafu. Misitu iliungua mbali huko, upepo ukaubeba moshi, ukaangukia mlima ule.

"Si wewe," bosi alisema. Hakufurahi hata kidogo. "Natamani ingekuwa wewe." Akanifungulia picha ya mlima wenyewe, iliyopigwa juzi kutoka angani. Mawe na madimbwi. Barafu ilikuwa imebaki ukingo mmoja, na huo nao mweusi.

Nilitoka mbio. Nilipanda basi mpaka Peckham, kwenye duka ambako mama alikuwa akiupata udi wake, nikanunua ule ule, nikenda nao hospitali ndani ya mkoba. Moto haukuwezekana, oksijeni imo puani. Nikakivunja kipande kwa kucha, nikakisugua mpaka kikatoa harufu, nikamsogezea usoni.

"Mama, haukuwa moshi wako. Wamepima tena. Haukuwa wako, wala hukuharibu kitu. Nusa."

Alifungua macho. Sijui alisikia nini katika niliyoyasema, pengine sauti tu. Pua yake ilicheza, akautambua, na kwa nukta moja uso wake ukawa ule wa Ijumaa. Kisha akaushika mkono wangu, kwa nguvu zile kidogo alizobakiwa nazo, akausukuma mbali na nguo zangu.

"Toa, mwanangu," alisema. "Usikushike. Barafu yako itaharibika."

Nikamwambia tena, na tena. Alikuwa anatikisa kichwa tu, ananihurumia, kama mtu anayemkatalia mtoto peremende. Na mimi ningemwambia nini zaidi? Kwamba barafu yenyewe haipo tena? Nikaufunga udi kwenye karatasi yake, nikaurudisha mkobani, ndipo akatulia.

Alifariki Alhamisi. Wanawake waliomkosha waliniuliza kama nina udi wa kufukizia sanda, nikawapa pakiti nzima.